Maonyesho ya sanamu shambani Kakuyuni: tuanzie wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Sisi ni vijana watatu wa Malindi tunaounda sanamu. Mwenzangu mmoja anachomelea vyuma chakavu, wa pili anatumia ndara na plastiki anazookota ufuoni, na mimi nachonga mbao na siku hizi najaribu simiti na chupa. Tumechoka kuuza twiga kwenye baraza za hoteli. Babu yangu ameturuhusu tutumie shamba lake Kakuyuni, ekari 3 za mikorosho na minazi, tufanye maonyesho ya miezi miwili mitatu ambayo hata watu wa kijijini watakuja kuyaona. Kazi tulizonazo ni 26, na picha za baadhi yake nimekutumia. Je, vifaa hivi vya namna mbalimbali vitastahimili hali ya shambani, na tuzipange vipi zisigombane? Juzi mzee mmoja jirani alikuja akatazama, akatuuliza kama tunatengeneza makaburi. Tulicheka, lakini usiku sikulala vizuri."

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na picha nimezikuza mpaka zikakataa kukuzwa zaidi. Umeniuliza habari ya vifaa na mpangilio, na nitakujibu yote mawili. Lakini naanza na huyo mzee, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza swali zito kuliko yote, na mengine yote yanalifuata hilo.

Tazama tena picha yako ya nne. Umesimamisha mbao tatu nyembamba ukutani mwa karakana, kila moja imezidi kidogo kimo cha mtu, vichwa ni duara bapa, na kifuani umezikata safu za pembetatu kwa patasi. Wewe uliona umbo zuri, na kweli ni zuri. Mgiriama aliyekwisha kula chumvi nyingi haoni umbo kwanza, anaona vigango. Kigango ni nguzo inayosimamishwa kumkumbuka marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha watu wenye heshima kubwa. Huchongwa kwa mti mgumu, hutiwa pembetatu na rangi, husimamishwa mudzini, yaani kwenye makazi ya ukoo, hufungwa vitambaa na kumiminiwa tembo la mnazi. Asiyekuwa wa Gohu huwekewa koma, kijiti kifupi tu. Na mji ukihama, kigango hakihami nao. Kinaachwa pale pale kipigwe na jua na mvua mpaka ardhi ikichukue.

Kwa hiyo mzee hakukosea. Tena ana sababu ya kuuliza kwa ukali, kwa maana kwa miaka mingi vigango viling'olewa usiku, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa vitu vya sanaa, vikaishia kwenye majumba ya makumbusho na sebule za watu Marekani. Jumba moja la makumbusho la Denver lilirudisha vigango 30 mwaka 2019, na Jumba la Makumbusho la Jimbo la Illinois likarudisha 37 mwaka 2023. Ziko familia ambazo zilipatwa na msiba au ukame baada ya kigango kuibwa na mpaka leo zinaamini wizi huo ndio chanzo. Mtu aliyeishi na jambo hilo akiona mbao tatu za namna ile zinaandaliwa na vijana wanaouza kazi zao kwa watalii, unategemea aulize nini?

Hizo mbao tatu nitazirudia mwisho. Nilichotaka ulione ni kwamba hamleti sanamu Kakuyuni kama kitu kigeni. Watu wa huko wana sanamu mashambani tangu zamani, na wanajua sanamu ya shambani ni nini: ni kitu kilichowekwa mahali fulani kwa sababu fulani, na ukikitoa hapo umekiharibu. Twiga wa hotelini hana mahali. Unaweza kumweka Malindi, Nairobi au Milano, ni yule yule. Mkipeleka kazi 26 za namna hiyo shambani, mtakuwa mmehamisha duka tu. Mimi ningependa kila kazi itakayosimama kwa babu yako iwe na jibu mtu akiuliza: kwa nini hapa, si pale kwenye mnazi?

Sasa kuna jambo ambalo sitalizungukia. Unajua kama ninavyojua kwamba katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya huo uchawi kuna ugomvi wa ardhi. Babu yako ana mvi, na ana ekari 3. Siku mbili tatu baada ya kusimamisha maumbo yenye macho katikati ya mikorosho, mtoto wa mtu akiugua homa, maneno yataanza, na hayatakwenda kwako wewe unayelala mjini. Yatakwenda kwa mzee. Basi kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, fanyeni kikao. Mzee wa kijiji awepo, imamu awepo, mchungaji awepo, akina mama wanaopita njia hiyo kwenda kuchota maji wawepo, na yule jirani awe wa kwanza kualikwa. Pikeni mahamri na mbaazi, wekeni kazi zote chini uwanjani mchana kweupe, watu wazishike, wazipindue, waone ndani ya chuma hamna kitu na ndani ya yule nyangumi wa mwenzako ni ndara zao wenyewe. Kitu kilichoshikwa mchana hakina nguvu ya kumtisha mtu usiku. Kazi ambayo kikao kitasema isisimame karibu na nyumba ya mzee, isisimame hapo. Hilo si jambo la kubishania.

Majirani zako Waislamu nao watakuwa na neno lao, na ni neno la haki. "Sanamu" kwa wengi wao ni kiumbe aliyefanyiwa mfano, na fundi wa Lamu aliyechonga milango maisha yake yote alijaza maua, mizabibu na mafundo bila kuweka hata ndege mmoja. Usiwaombe wabadilishe dini yao wapate kuipenda kazi yako. Zielekeze kazi zenye sura za watu upande wa ndani wa shamba, na upande wa njia ya msikitini weka zile ambazo ni umbo tupu, kama nguzo yako ya chupa. Hata kwenye kibao cha mlangoni, andikeni "kazi za mikono" kabla ya kuandika sanamu. Vibao vyote viwe kwa Kigiriama na Kiswahili kwanza, lugha za wageni chini yake.

Sasa tuje shambani.

Msizipeleke kazi bado. Pelekeni fito. Kata fito moja kwa kila kazi, yenye kimo cha kazi hiyo hasa, uipake chokaa nchani ionekane kwa mbali. (Usifunge kitambaa nchani. Nadhani sasa unajua kwa nini.) Simamisha fito mahali unapofikiria, kisha mje mzione mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua likitoka upande wa Malindi, saa sita mchana, na saa kumi na moja jioni likielekea Jilore. Utashangaa. Kitu ambacho kinajaza karakana hupotea chini ya anga. Kazi ya mita moja na nusu chini ya mnazi ni kama kikombe kilichosahauliwa. Kazi hiyo hiyo chini ya mkorosho ni mtu aliyeketi chumbani, kwa kuwa mkorosho mzee unainamisha matawi mpaka karibu na ardhi na ndani yake kuna kivuli, kuna paa, kuna mlango wa kuingilia. Shamba la babu yako limekwisha kujengwa vyumba. Vitumieni.

Mkimaliza zoezi la fito, mtajua wenyewe kwamba 26 ni nyingi. Mimi naona 11, labda 12. Zimbabwe kuna mahali panaitwa Tengenenge, shamba la tumbaku ambalo mwenyewe, Tom Blomefield, aliligeuza kuwa kijiji cha wachongaji mwaka 1966 baada ya vikwazo kuua soko la tumbaku. Jiwe lilikuwa pale pale ardhini, wachongaji wakachonga, kila mtu akaweka kazi zake nje kwenye sehemu yake, chini ya miti. Napapenda mahali pale kwa moyo wote kwa sababu jiwe halikutoka mbali na linaonekana liko kwao. Lakini kazi zimekuwa maelfu, na jicho huchoka. Nyinyi pia msigawane shamba kwa majina, kwamba huku ni kwa chuma, kule kwa ndara. Mkigawana hivyo ndipo vifaa vinapogombana, kwa sababu mgeni anaanza kulinganisha mafundi badala ya kutazama. Wekeni kila kazi panapoifaa, hata kama kona moja yote itakuwa ya mwenzako.

Nikupe mfano wa kazi mbili. Yule mama wa chuma aliyebeba mtungi, aliyetengenezwa kwa minyororo ya baiskeli na bati la pipa: wengi wangekwambia mweke penye majani mabichi ili aonekane. Mimi ningemweka kwenye ule mchanga mwekundu ulioniambia uko upande wa juu wa shamba. Kutu yake na udongo ni rangi moja. Ukimwona kwa mbali hutamjua, utadhani ni kichuguu. Ukisogea hatua kumi, anatoka ardhini. Huyo mama anakwenda kuchota maji mahali ambapo maji hayapatikani kirahisi, naye anafanana na ardhi inayomchosha. Mwenzako alifanya kazi kubwa kuliko anavyojua.

Na nyangumi wa ndara asikae chini. Mtundikeni ndani ya mkorosho mkubwa, tumbo lake liwe juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima, mgeni aingie chini yake na kuinua macho kama aliye chini ya maji. Tumieni kamba nene ya usumba, na kwenye tawi mzungushieni gunia ili gome lisiliwe. Mkorosho ni chakula cha babu.

Kivuli hicho kina faida ya pili, na hapa naingia kwenye vifaa. Adui wa ndara na plastiki si mvua, ni jua. Plastiki iliyokaa ufuoni miezi mingi imekwisha kupigwa. Ukiiweka tena juani inapauka, inakauka, kisha inaanza kumeguka vipande vidogo ambavyo mbuzi watakula na mchanga utameza. Itakuwa ajabu mtu kusafisha ufuo wa Malindi akaja kuchafua shamba la Kakuyuni. Basi kivuli kitupu, na kila wiki mmoja wenu apite chini yake aokote kilichodondoka. Mwenzako anayefanya kazi hiyo na asione haya kuwauliza mafundi wa vyombo. Lamu, mwaka 2018, walishusha majini jahazi la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, ubavu wote umevikwa ndara zipatazo 30,000, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Fundi mkuu, Ali Skanda, na wenzake waliliunda kwa njia zile zile za jahazi la mbao. Hawakuichukulia plastiki kama takataka wala kama kichekesho, waliichukulia kama mbao mpya yenye tabia zake, wakaisoma. Nataka na nyinyi mfanye hivyo.

Chuma. Kakuyuni iko mbali na mawimbi, kwa hiyo chumvi ya hewani haitawasumbua kama inavyowasumbua wenye nyumba za Silversand. Tatizo ni chumvi iliyokwisha kuingia. Vyuma vingi vya mwenzako ni vya mashua na injini za boti. Kutu yao imeshika chumvi ndani, na rangi juu yake haidumu hata msimu mmoja, itainuka malengelenge. Vioshwe kwa maji baridi ya bomba au ya mvua siku kadhaa mfululizo, visuguliwe kwa brashi ya waya, vikauke kabisa, ndipo vipakwe rangi ya oksaidi. Mama wa mtungi asipakwe rangi, bali asuguliwe mafuta kidogo tu, kwa sababu niliyoieleza. Mtungi wake lakini utobolewe tundu chini. Mvua moja ya kusi ikijaa humo, ndani ya wiki moja mmefuga mbu. Nimeona pia kwenye picha kwamba nywele zake ni waya wa shaba uliofungwa moja kwa moja kwenye chuma. Shaba na chuma zikigusana penye unyevu, chuma ndicho kinacholiwa, tena haraka. Kateni vipande vya ndara muweke katikati, visigusane. Vifaa vyenu vinaweza kusaidiana namna hiyo.

Simiti. Hapa nakuomba unisikilize sana, kwa sababu nilijifunza kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita niliunda mwanamke aliyeketi, upande wa Magarini, kwa ajili ya uwanja wa kijiji. Nondo ndani, waya wa kuku juu yake, simiti juu kabisa. Mchanga niliagiza kwa mtu wa lori, nikalipa, sikuuliza umetoka wapi. Baada ya masika ya pili niliona ufa mwembamba kama unywele kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Nikaingiza ukucha. Kikatoka kipande cha simiti sawa na kiganja, chembamba, na nyuma yake kulikuwa na vumbi la kahawia lenye unyevu. Nondo iliyokuwa ndani ilikuwa imevimba, ina magamba kama gome la mkoko. Mchanga ule ulikuwa wa pwani. Chumvi yake ilikula chuma kutoka ndani, na kutu inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa, kwa hiyo inasukuma simiti mpaka inapasuka. Masika ya tatu yalimkuta hana miguu. Watoto wa kijiji walikuwa wamempa jina, na ilibidi niende kumvunja mbele yao. Mpaka leo nikipita barabara ile siangalii upande huo.

Kwa hiyo tumia mchanga wa mto, wa Sabaki. Uchukue kiganjani uutazame: ukiona vipande vya kombe, ni wa pwani. Ukiwa na shaka, onja kwa ncha ya ulimi. Nondo ifunikwe na simiti isiyopungua sentimita 4 kila upande, na kazi imwagiliwe maji siku 7 kabla ya kuachiwa jua. Kwa msingi, simiti ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4, na shimo la kazi ya mita 2 liwe na kina cha sentimita 60 au zaidi. Kwenye ule mchanga mwekundu litanue, kwa sababu hauna mshiko. Chupa zako zisionyeshe midomo nje, kwa ajili ya maji na kwa ajili ya miguu ya watoto wanaotembea peku. Na usizisage ukazichanganya ndani ya simiti kama mchanga. Kioo na simiti huanza kugombana taratibu, na baada ya miaka nguzo hupasuka yenyewe.

Ukitaka kuona kinachodumu, panda matatu mpaka Gede, kwenye magofu ya mji wa kale. Ndani ya msitu kuna kaburi lililochorwa tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mawe ya matumbawe ya nchi kavu na chokaa, basi, hakuna chuma hata kidogo ndani. Zaidi ya miaka 600, katikati ya mizizi na nyani, bado limesimama. Ningefurahi sana siku moja ukiacha simiti ukajaribu chokaa. Mawe yanunue kwenye machimbo, usiguse ya baharini. Sehemu ya bahari ya kwetu Malindi ni hifadhi tangu 1968, na hata lisingekuwa jambo la sheria, tumbawe hai lina kazi yake.

Mbao sitaziongelea sana, wewe unazijua kuliko mimi. Mchwa wa Kakuyuni hawana mzaha, kwa hiyo mbao yoyote isiguse udongo. Iweke juu ya jiwe, au kwenye kiatu cha chuma atakachokuchomelea mwenzako, upana wa kiganja kutoka ardhini, ili mchwa akijenga njia yake umwone. Mafuta ya sifa, yaani ya ini la papa, wanayopaka mafundi wa vyombo yanafaa. Paka wiki tatu kabla ya kufungua, maana harufu yake si ya kukaribishia wageni. Na usinunue muhuhu hata ukiuziwa rahisi. Msitu wa Arabuko-Sokoke umekwisha kutoa muhuhu wa kutosha kwa ajili ya vinyago vya hotelini. Mwarobaini upo kila ua, mwembe uliokoma kuzaa upo, na mbao za mashua kuukuu zipo, ambazo tayari zina historia ndani yake. El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi Nsukka, Nigeria, aliokota mfuko wa vizibo vya chupa za pombe, akavishona kwa waya wa shaba vikawa mapazia makubwa yanayoning'inia leo kwenye majumba makubwa duniani. Vizibo vile vilibeba ndani yake habari ya pombe iliyoletwa Afrika na wafanyabiashara wa ng'ambo. Ubao wa mashua wenye matundu ya misumari na mabaki ya deheni nao umebeba habari. Usiupige randa mpaka ukawa mweupe.

Kuhusu wakati, fungueni katikati ya Agosti, upepo wa kusi ukiwa umeanza kupoa, mfunge kabla ya vuli kushika. Mkingoja Desemba mtapata watalii wengi zaidi, ni kweli, lakini mtamkuta babu katikati ya msimu wa korosho, na watu watakanyaga mavuno yake. Hiyo si heshima kwa mtu aliyewapa shamba bure. Njia ya wageni isipite chini ya mnazi hata mmoja, wala kazi isisimame chini yake. Nazi haiulizi mgeni ametoka wapi. Watoto watapanda juu ya kazi na mbuzi watajikuna, hilo hamtalizuia, kwa hiyo kila ncha ya bati ikunjwe na kila kazi isukumwe na watu wawili kwa nguvu zao zote kabla ya siku ya kufungua. Wenyeji waingie bila malipo. Watoto wa jirani wawe ndio wanaowatembeza wageni, na malipo yao muwape siku hiyo hiyo jioni.

Sasa zile mbao tatu.

Ni kazi nzuri kuliko zote ulizonitumia, na najua ndiyo maana ulizipiga picha kwenye mwanga mzuri. Lakini kwa sasa zisiende Kakuyuni, na hasa zisisimame. Zilaze chini karakanani, umwite yule mzee, peke yake, si mbele ya wenzako. Mpe kiti. Mwambie hukujua, na muulize akufundishe: pembetatu zile zina maana gani, nani anaruhusiwa kuzichonga, nani anakatazwa. Yaliyo ya siri ya Gohu hatakwambia na usiyadai. Huenda akasema uzichome, huenda akasema ufute pembetatu na ubadilishe vichwa, huenda akakaa kimya muda mrefu kisha akakuonyesha kitu. Lolote atakalosema ulifuate, hata likikugharimu miezi minne ya kazi.

Ukija mjini niletee kipande kidogo cha mti ule. Kwenye picha nadhani ni mwarobaini, lakini rangi ya kiini inanitatiza, na kama ni muhuhu nataka kujua ulikatwa wapi.